Raba Zilizovaliwa na Kijiwe Kizima

Upande wa Gerezani, nyuma ya maduka ya spea, kuna kichochoro ambacho mchana kutwa husikii kitu zaidi ya nyundo na mashine za kuchomelea. Jumamosi alasiri nyundo hupungua moja moja, na benchi lililoko mdomoni mwa kichochoro huanza kupata wenyewe. Uledi muuza kahawa ndiye hutangulia, akatua birika lake lenye mkaa wa moto chini na ndoo yake ya kusuuzia vikombe. Anafuata Idrisa, fundi wa gia boksi, ambaye mtaa mzima unamwita Gia, na hata mama yake mzazi siku hizi anamwita hivyo. Kisha Bakili, dalali wa spea, aliyepewa jina la VAR kwa sababu hajawahi kuona jambo likaisha bila yeye kutaka lirudiwe kuangaliwa upya. Mwisho hufika Mzee Ramadhan, mstaafu wa reli, anayeitwa Mzee Stesheni, na yeye huachiwa upande wa kivulini bila kuomba. Hao ndio kijiwe. Na Jumamosi hiyo, katikati ya benchi, mahali ambapo kwa kawaida hukaa sahani ya kashata, ziliwekwa raba nyeupe zenye mstari wa rangi ya chungwa, pua zimeelekezwa barabarani. Kashata zenyewe Uledi alikuwa amezipakata.

Samson aliziona tangu mbali. Alikuwa anarudi na mkokoteni mtupu kutoka Kariakoo, alikoshusha mzigo wa mwisho, na miguu yake ambayo mtaa unaijua kwa kukimbia ikaanza kuvuta hatua kama ya mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Kijiweni wanamwita Mwendokasi. Kila alfajiri, kabla hajashika mkokoteni, hukimbia mpaka fulana ikamganda mgongoni, na kesho yake Jumapili alikuwa anaingia kwenye mbio ndefu, kilomita arobaini na mbili, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Tangu mvua zilipokata alikuwa hana habari nyingine. Alitaka kufika mwisho, basi. Hata akiwa wa nyuma kabisa, hata akikuta wanakunja mabango, lakini afike.

Kilichomfanya avute hatua ni zile raba.

Kijiwe ndicho kilichomnunulia. Walimpa Jumatatu, kwa kumshtukiza, na VAR akazitoa kwenye boksi taratibu kama mtu anayemtoa mtoto kwenye beseni. Samson akazivaa mbele yao. Vidole vikakunjamana mle ndani kama watoto watano chini ya shuka moja. Kisigino kikagoma kuingia mpaka akakisukuma kwa kidole cha mkono. Akainua uso ili aseme, akakuta nyuso nne zimemwelekea. Mzee Stesheni ameshika kikombe hewani, hajanywa. Gia amejisugua mikono mpaka kwenye kucha ili asizichafue alipozigusa. VAR, ambaye hapitishi wiki bila kuweka mkeka wa kubashiri mpira, wiki iliyotangulia alikuwa hajaweka, na kila mtu alijua pesa ilikokwenda. Samson akasema, "Freshi. Zimenikaa freshi kabisa." Kisha akaziacha pale pale, akisingizia kwamba nyumbani kuna mtoto anayetafuna kila anachokiona. Tangu siku hiyo kila alipopita kijiweni alikuwa na haraka.

— Shikamoo mzee.

— Marahaba, Mwendokasi, akajibu Mzee Stesheni. — Egesha huo mkokoteni uje ukae. Leo kikao ni chako.

— Mambo vipi, wakubwa.

— Poa, akasema Gia. — Uledi, mpe cha moto. Huyu asipewe kile cha juu, mpe cha chini kilichoiva.

Samson akapokea kikombe, akakaa kwenye ukingo wa mkokoteni wake, akaziangalia raba, akaangalia pembeni.

— Basi swali ni moja tu, Gia akaendelea. — Mbio ndefu, raba mpya. Zinavaliwa au hazivaliwi?

— Hilo limeshajibiwa, akasema VAR. — Nimeangalia kwenye simu. Wazungu watatu na Mkenya mmoja, wote lao moja. Raba mpya usizivae siku ya mbio. Zinaua mguu.

Samson akaacha kuangalia pembeni. Kumbe mlango upo, na ameufungua VAR mwenyewe. Hatalazimika kusema lolote la raba kubana. Atasema tu, basi kwa kuwa wataalamu wamekataza, nivae zile za zamani.

— Kwa hiyo kaka, akaanza, — mimi nilikuwa nafikiri...

— Kwa hiyo, VAR akamkatiza, — hizi siyo mpya.

— Siyo mpya kivipi?

— Geuza uangalie soli.

Samson akaigeuza moja. Soli ilikuwa na vumbi kwenye mifereji yake, doa la oili kwenye kisigino, na pembeni tone la kahawa lililokauka. Akaigeuza ya pili. Vile vile.

— Tumekuvalia, akasema Gia. Alilisema kwa sauti ya chini, na macho yake aliyapeleka kwenye birika, maana Gia haoni aibu kumtukana mteja lakini huona aibu akifanya wema.

— Mmenivalia?

— Wewe kutwa uko na mkokoteni, utazivaa saa ngapi? Na nyumbani una mtoto anatafuna. Tukaona wiki isiende bure. Jumanne nilianza mimi. Gia boksi mpya huwezi kuifunga leo ukaipeleka Morogoro leo. Unaizungusha kwanza, taratibu, meno yazoeane. Nimeshinda nazo gereji kutwa nzima. Nimelala nazo chini ya gari, nimechuchumaa nazo, nimesimama nazo.

— Jumatano zilikuwa kwangu, akasema VAR. — Mimi nilizipeleka barabarani. Kutoka hapa mpaka Buguruni kwa mguu, bampa begani, nikarudi kwa mguu. Na kwa makusudi kabisa nikapita pale kwenye kijiwe cha wale vijana wanaokucheka, nikasimama kama nafunga kamba. Nilitaka wazione.

— Wakasemaje?

— Hawakusema. Walizitazama. Kwangu mimi hilo ni bao.

— Mie nimezungusha nazo kahawa Alhamisi, akasema Uledi. — Mtaa kwa mtaa Kariakoo yote, kwenye msongamano, na hakuna aliyenikanyaga. Nilikuwa nazilinda, akija mtu wa gunia nasimama ukutani.

— Na mimi jana, akamalizia Mzee Stesheni. — Barabarani siwezi, magoti yangu mnayajua. Nilizivaa nyumbani, ukumbini, nikawa natoka chooni hadi getini, getini hadi chooni. Wajukuu wakapanga viti wakae kuniangalia. Bi Chiku akaniuliza kama nataka kuoa tena.

Wakacheka, na Samson akacheka nao, lakini kicheko chake kiliishia mdomoni. Aliwaona wote wanne kama walivyokuwa siku zao: Gia mnene chini ya gari, Uledi amejibana ukutani kumpisha mchukuzi, na mzee wa watu anapima ukumbi kwa magoti mabovu ili mguu wa mtu mwingine usiumie. Hakuna aliyewaambia. Hata ndugu zake wa damu kule Masasi hawajawahi kumfanyia hivyo.

Ndipo macho yake yakashuka chini, akaiona miguu yao.

Gia alikuwa amevaa ndala, na kidole kidogo cha mguu wa kulia kilikuwa kimezungushiwa tepu nyeusi, ile ya kufungia nyaya za umeme. VAR, ambaye hakuna aliyewahi kumwona na soksi hata siku ya harusi yake, alikuwa na soksi nene ndani ya ndala katika joto lile, na mguu wa kushoto ameukalia. Uledi, ambaye humimina kahawa amesimama kwa maringo, birika juu kikombe chini, leo alikuwa anamimina ameketi. Na Mzee Stesheni alikuwa amevikanyagia viatu vyake nyuma, visigino viko nje, na kisigino kimoja kilikuwa chekundu kama nyanya iliyomenywa.

Samson alizijua sehemu zile. Kidole kidogo, kidole gumba, kisigino. Ni pale pale zilipombana yeye Jumatatu.

— Na mnazionaje? akauliza.

— Freshi, akasema Gia.

— Freshi kabisa, akasema Uledi.

— Mimi sina la kuongeza, akasema VAR. — Freshi.

— Hazina neno, akasema Mzee Stesheni, akavuta kisigino chake nyuma ya mguu wa benchi.

Samson akanywa kahawa ambayo ilikuwa imeshaisha kwenye kikombe. Lile neno lake mwenyewe lilikuwa limezunguka kijiwe kizima na kumrudia, likiwa limemchuna kila mtu mguu. Alitamani mkokoteni wake uwe na mzigo, ausukume aondoke.

— Ila kwa tahadhari tu, akasema Gia. — Zimeshalainika, sisemi. Lakini hapa pembeni, usawa wa kidole kidogo, mimi ningepaka grisi. Chuma na chuma vikikutana pakavu, kimoja lazima kiliwe.

— Mguu siyo chuma, akasema VAR.

— Wewe hujauona mguu uliotoka kilomita arobaini na mbili.

— Wewe umeuona wapi?

— Ndiyo maana nasema tupake.

— Grisi itamtelezesha, akasema Uledi. — Akiteremka kilima atakuta mguu umetangulia, kiatu kiko nyuma. Mie ningechukua machicha ya kahawa ya moto, nikayafunga kwenye kitambaa, nikayaweka hapa ndani kwenye kidole gumba yakalala. Asubuhi hapa panakuwa laini kama mkate uliochovywa. Na akikimbia atoe harufu, wenzake wampishe.

— Wakimpisha watamuuliza vikombe viko wapi, akasema VAR.

— Hamjui joto nyie, Mzee Stesheni akasema, na wote wakatulia kwa sababu mzee akianza na joto huishia kwenye reli. — Reli mnaiona imenyooka. Lakini kipande na kipande tunaacha mwanya. Jua likipiga, chuma kinarefuka. Bila mwanya reli inajikunja kama ulimi wa mbwa, na treni inalala ubavu. Mguu ni hivyo hivyo. Ukianza kwenda, unarefuka.

— Mguu unarefuka, mzee?

— Unarefuka. Kazini tulikuwa na fundi mmoja, Marcelino, mtu wa kwenu huko kusini, Samson. Asubuhi anavaa buti zake, jioni haziingii, anaazima za bosi.

— Na bosi anarudi na nini?

— Bosi alikuwa na gari. Nasema hivi, mwanya uachwe. Tukate hapa mbele, na hapa nyuma kidogo kwenye kisigino. Vidole vipate pa kwenda.

— Kuzikata? VAR akazichukua raba akazipakata. — Mzee, kwa heshima zote. Raba mpya?

— Wewe si umesema siyo mpya.

— Mimi nina njia ya kisayansi. Kulia avae mpya, kushoto avae ya zamani. Mguu wa zamani unaujua mchezo, mguu wa mpya una nguvu. Hapo miguu itashindana yenyewe. Kushoto hatakubali kuachwa na kulia, kulia hatakubali kupitwa na kushoto. Mwendokasi yeye anakaa juu tu kama abiria.

— Na kulia akishinda? akauliza Gia.

— Akishinda vipi?

— Akafika mwisho, kushoto bado yuko njiani.

VAR akafikiri.

— Hapo itabidi tuangalie upya.

Walicheka tena, na safari hii Samson hakuweza hata kuigiza. Maana alikuwa ameshaelewa. Gia anataka grisi kwenye kidole kidogo kwa sababu ndicho kilichofungwa tepu. Uledi anataka kulainisha kidole gumba kwa sababu gumba ndilo linalomfanya amimine ameketi. VAR anauhurumia mguu wa kushoto kwa sababu ndio alioukalia, na mzee anataka mwanya wa kisigino. Kila mmoja alikuwa anajaribu kumwokoa pale pale alipoumia yeye, bila kukubali kwamba ameumia. Na kisa cha yote ni yeye, aliyekunja vidole akasema freshi.

Akajaribu tena, kwa mlango wa nyuma.

— Mimi nilikuwa nasema, labda... tusihangaike. Zile za zamani bado zipo. Fundi ameshazishona. Labda nivae tu zile, zote mbili.

Basi la mwendokasi likapita kule barabara kubwa, na wote wakaligeukia kulitazama.

Zile za zamani kila mmoja alizijua. Ni raba za zambarau, za mtumba, za kike, alizokuta zinamwenea na hazimdai kitu mguuni. Mwaka jana alikimbia nazo mbio za nusu, kilomita ishirini na moja, za mashindano hayo hayo, na karibu na mwisho soli moja ikaachia, ikawa inapiga lami kama kofi. Akaifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli akaendelea. Kuna mtu alirekodi. Vijana wa kijiwe cha Buguruni bado wanairusha ile video, na wameitia na vigelegele vya harusi.

— Mwendokasi, akasema VAR, — sikuacha mikeka yangu ili nikuone tena na tyubu mguuni.

— Usimwambie hivyo, akasema Gia.

— Sijasema kwa ubaya.

— Ndiyo usimwambie.

VAR akaziangalia raba alizozipakata, akalipangusa lile tone la kahawa kwa kidole chenye mate.

— Nisamehe, mdogo wangu. Mimi ile video huwa inaniuma kuliko inavyokuuma wewe. Ndiyo maana nilikwenda kununua mwenyewe, sikumtuma mtu. Na sikukisia. Siku ile umepanda juu ya lori kushusha injini, ukaacha ndala zako chini, nilizipima na kamba. Nikaongeza na upana wa kidole, nikasema mtoto wa watu asije akabanwa. Nimetembea na ile kamba maduka mangapi Kariakoo.

Samson aliikumbuka siku hiyo. Alitoka nyumbani kiza bado kinene, mtoto amelala, hakutaka kuwasha taa, akaingiza miguu kwenye ndala alizozikuta mlangoni. Zilikuwa za mkewe Violeth. Kutwa nzima alitembea visigino vikipita nje ya ndala, wala hakujali. VAR alikuwa amezunguka Kariakoo akimtafutia raba Violeth.

Sasa aliona hata kulisema hilo ni ukatili. Mtu ameongeza upana wa kidole kwa huruma, umwambie nini?

— Basi tusibishane, akasema Mzee Stesheni. — Nani ana chaki?

Gia alikuwa na chaki, kwa sababu fundi hakosi chaki. Mzee akaichukua raba ya kulia kutoka kwenye mapaja ya VAR, akachora mstari mbele, penye vidole, kisha akachora nyuma. VAR hakuzuia. Aligeuza uso tu, kama mtu anayesubiri mtoto wake achomwe sindano.

— Kisu changu kiko ndani, akasema Gia. — Kile cha kukatia gasketi. Ngoja nikilete.

Akasimama. Akapiga hatua moja, akashika ukuta.

— Mguu umelala, akasema.

— Unalala sana siku hizi, huo mguu, akasema Uledi, naye hakusimama kumsaidia.

Samson akafungua mdomo. Alikuwa amekusudia kweli kweli. Lakini honi ikalia nyuma yake.

Gari dogo la kijivu lilikuwa limesimama mdomoni mwa kichochoro. Dada mmoja mwenye mtandio wa kijani akachungulia dirishani, akawasalimia, akasema anaitwa Shadya na ameelekezwa kwa fundi Idrisa, gari yake gia ya pili inagoma.

— Umefika, dada, akasema Gia. — Gereji ni hiyo ya ndani. Tupishe benchi kwanza upite.

Benchi lile lina miguu ya vyuma vya reli, alivyovipata Mzee Stesheni zamani, na kulihamisha ni kazi ya kila mtu. Ikabidi wasimame wote. VAR akaziweka raba juu ya mkokoteni wa Samson. Gia akashika pembe moja, Uledi ya pili, VAR ya tatu, na mzee, ambaye siku zote huambiwa aache na siku zote hukataa, akashika ya nne. Samson akaingia katikati. Wakainua.

Hapo hapakuwa na pa kujificha. Gia alikanyagia ubavu wa mguu. Uledi alitembelea kisigino, vidole juu. VAR alikuwa anarukaruka kwa mguu wa kulia kama mtoto anayeruka mistari iliyochorwa chini, na mzee alikwenda kwa ncha za vidole, visigino hewani, kama anayenyemelea mtu. Benchi likawa linapanda upande huu linashuka upande ule. Shadya alizima gari. Alishuka bila kuambiwa, akaenda moja kwa moja upande wa mzee, akamwondoa mikono taratibu, akaishika ile pembe yeye. Walipolitua benchi ukutani akawaangalia mmoja baada ya mwingine, kuanzia chini.

— Poleni jamani, akasema. — Nyote mnachechemea. Mmeumizwa na nini?

Hakuwa anacheka. Aliuliza kama anavyouliza mtu aliyelelewa vizuri.

Gia akamwangalia VAR. VAR akamwangalia Uledi. Uledi akaanza kutafuta kitu ndani ya ndoo ya vikombe. Mzee Stesheni, ambaye hakuna swali la mjini hapa analokosa jibu lake, alikohoa akarekebisha kofia.

Samson aliona wote wanne wanamlinda. Mpaka pale, mbele ya mgeni, bado wanamlinda.

— Ni raba zangu, dada, akasema.

— Zako?

— Zile pale. Nimenunuliwa nao. Zinanibana. Zimenibana tangu Jumatatu nilipozijaribu, nikaona aibu, nikasema ziko freshi. Wao wakazivaa kwa zamu ili zilainike. Zisiniumize kesho.

Alimwambia yeye kwa sababu hakuwahi kunywa naye kahawa. Nyuso za wengine hakuthubutu kuziangalia.

— Wamezivaa wote? akauliza Shadya.

— Wote. Na huyu mzee.

Shadya akazitazama raba zenye mistari ya chaki, akawatazama wale wanaume wanne. Hakucheka bado, na hilo lilimzidishia Samson uzito.

— Mimi nina simu ya kupiga, akasema. — Nitakuwa ndani ya gari. Fundi, usiwe na haraka na mimi.

Akaingia, akapandisha kioo, na hakuna aliyemwona akipiga simu yoyote.

Wakakaa. Uledi akachochea mkaa wake.

— Nilipima ndala zako, akasema VAR hatimaye.

— Zilikuwa za Violeth, kaka. Nilitoka gizani.

VAR akainamisha kichwa.

— Nikaongeza na kidole.

— Najua. Umenieleza. Ndiyo maana nikashindwa kusema.

— Mie nilidhani ni mguu wangu, akasema Uledi. — Gumba langu lilishawahi kuangukiwa na birika. Nikasema limeamka.

— Mimi niliona ni unene, akasema Gia.

— Mimi nikasema ndiyo uzee huo, akasema Mzee Stesheni. — Kwa nini hukusema, mwanangu?

— Mlikuwa mmefurahi.

Mzee akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu analolijua.

— Na nyie je, mbona hamkusema? Samson akauliza.

— Tungeanzaje, akasema Gia. — Mwenye mguu ameshasema freshi.

Samson akaingiza mkono mfukoni. Asubuhi ile, akijua atazivaa, akijua zitamchuna, alipita duka la dawa akanunua pakiti ya plasta ili ajaribu kufika hata nusu ya njia. Akaifungua. Akapiga goti mbele ya Mzee Stesheni, akakivuta kile kisigino kutoka nyuma ya mguu wa benchi, akakipuliza vumbi, akabandika. Mzee akawa anaangalia paa la gereji. Akahamia kwa Gia, akaibandua ile tepu ya umeme kwa upole, na Gia akauma meno. Uledi akajitolea gumba mwenyewe. VAR alichelewa kuvua soksi, na alipoivua wote waligeuka pembeni kwa adabu, kwa sababu wa kwake ulikuwa mbaya kuliko yote, ngozi imebanduka na yeye alikuwa ametembea nao hadi Buguruni na kurudi.

Kwake zilikwenda plasta mbili. Pakiti ikaisha.

— Umezimaliza, akasema VAR, bado hajainua macho. — Na wewe kesho utabandika nini?

Samson akaikunja ile pakiti tupu, akaitia mfukoni.

— Zile za zambarau huwa hazinichubui, kaka, akasema.

VAR akajaribu kuuvisha ndala ule mguu, akauacha kwanza. Kisha akasema kwamba tyubu nzuri, ya kufungia soli isiachie, anayo moja dukani, mpya, na kama Samson hataona vibaya atamkatia ukanda jioni ile ile.